Ankara ya Programu ya Bure Hulipia Nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu barua ya msomaji mwenzangu wa Singida, ambaye wiki iliyopita alilalamika kwamba shule anakosomesha watoto wake imetozwa mamilioni ya shilingi kwa mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao mpwa wake aliupakua bila kulipa hata senti. Msomaji huyo aliuita mkataba ule wizi wa mchana, akataka aliyeuza afikishwe TAKUKURU. Mimi ni mtoa huduma za TEHAMA hapa Dodoma. Wateja wangu ni zahanati, vyama vya akiba na mikopo na shule za watu binafsi, na sehemu kubwa ya kipato changu inatokana na programu za aina hiyohiyo, kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili na ni vizuri wasomaji wayajue tangu mwanzo. Hoja yangu ni kwamba kutoza fedha kwa programu huria si kosa, na baadhi ya kampuni kubwa kuliko zote duniani zimetajirika kwa njia hiyo. Kosa ni la mnunuzi anayelipa bila kujua kwamba yapo mambo kadhaa yanayoweza kuuzwa pamoja na programu ya bure, na bila kuuliza yeye anauziwa lipi.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiko lawama ilikoelekezwa. Programu huria ni ile ambayo mwenye hakimiliki ameitolea leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na waliyoiunda, kuubadilisha na kuusambaza, na leseni hizo hazikatazi biashara. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huru na ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa harakati hizi, mwaka 1985 alikuwa akiwatumia watu tepu yenye Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150, wala hakuona mgongano wowote kati ya bei hiyo na msimamo wake. Leseni ya GPL aliyoiandika, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, inampa msambazaji ruhusa ya kutoza kiasi anachotaka kwa kila nakala. Inachodai ni kwamba anayepokea programu aweze kuupata pia msimbo wake, na apewe haki zilezile alizokuwa nazo aliyemuuzia. Kwa maana hiyo mpwa alipakua kihalali, shule nayo ilinunua kihalali, na pande zote mbili zinaweza kuwa na programu ileile bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Linalobaki ni kwa nini mtu alipie kitu ambacho angeweza kukipata bure, na mfano unaojibu swali hilo vizuri zaidi ni wa kampuni ya Red Hat ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1993, ikauchukua mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) wa Linux, ambao Linus Torvalds alianza kuuandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ikaukusanya pamoja na programu nyingine nyingi zilizoandikwa na watu wengine, na kuuza mkusanyiko huo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Februari 2012 mapato yake yalivuka dola bilioni 1, na Julai 2019 IBM ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 34. IBM haikutoa fedha hizo ili ipate msimbo, maana msimbo ilikuwa nao tayari, kama mimi nilivyo nao katika kompyuta yangu hapa Makole. Ilinunua wateja wanaolipa ada kila mwaka, na sifa ya kampuni iliyowafanya wateja hao waendelee kulipa.

Ada hiyo hulipia kitu ambacho hakionekani kwenye skrini. Toleo moja la mfumo husimamiwa kwa miaka ipatayo 10, na katika muda wote huo kila udhaifu wa kiusalama unaogunduliwa hurekebishwa bila kubadilisha tabia ya mfumo, ili programu ambayo benki iliiandikisha miaka mingi iliyopita isianguke siku ya kusasisha. Watengenezaji wa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, na wa hifadhidata kubwa, yaani programu za kutunzia data, wamepima bidhaa zao juu ya toleo hilo na kuthibitisha kwamba zinafanya kazi pamoja. Yupo mtu wa kupokea simu saa nane za usiku. Tena, na hili mafundi wenzangu hulidharau, yupo mtu ambaye mkurugenzi anaweza kumnyooshea kidole mbele ya bodi mambo yakiharibika. Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachouzika kuliko vyote, kwa sababu anayetia saini hundi kwa kawaida si fundi, na kinachomnyima usingizi ni kuulizwa kwa nini alichagua kitu kisicho na mwenyewe.

Biashara hii ya kuuza dhamana ya huduma, ambayo ndiyo njia ya kwanza ya kupata fedha, ina upande wake mchungu, na wanaotumia Linux hapa nchini wanaukumbuka. Kwa miaka mingi kulikuwa na mfumo uitwao CentOS, uliojengwa kutokana na msimbo uleule wa Red Hat lakini ukatolewa bila ada, na taasisi zisizo na fedha za kulipia dhamana ziliutegemea. Mwaka 2014 Red Hat iliuchukua mradi huo chini ya mwamvuli wake. Desemba 2020 ikatangaza kwamba toleo la 8, ambalo watumiaji walitarajia lingehudumiwa hadi mwaka 2029, lingefikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2021. Juni 2023 ikaenda hatua nyingine, ikasema msimbo kamili wa bidhaa yake ya kulipia utatolewa kwa wateja tu. Wengi walipiga kelele kuwa huo ni usaliti, lakini GPL haimlazimishi mtu kumpa msimbo asiyempa programu. Mifumo ya Rocky Linux na AlmaLinux ilianzishwa na watu waliokataa kuachwa njiani, na inatumika hadi leo. Jambo hilo lenyewe linaonyesha kwamba uhuru ulioandikwa katika leseni una meno. Hata hivyo, kuhamisha seva kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kazi, na kazi hiyo kuna aliyeilipia.

Njia ya pili ya kupata fedha ni kubwa kuliko hiyo ya dhamana, ingawa haionekani kwa urahisi kwa sababu programu yenyewe haimo kwenye ankara. Anayelima zabibu hapa Dodoma ataielewa upesi: kipando cha mzabibu unaweza kupewa na jirani bure, na jirani asipungukiwe na kitu, ila zabibu zikishaiva hazisubiri, na mwenye kauli juu ya bei ni yule mwenye matangi ya kuzisindika. Kampuni yenye matangi ina kila sababu ya kugawa vipando. Google iliinunua kampuni ndogo iliyoitwa Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ya mfumo huo ilipotoka mwaka 2008 msimbo wake ulitolewa huria, juu ya msingi wa Linux. Karibu kila simu janja inayouzwa katika maduka ya Majengo na kandokando ya soko la Sabasaba inatumia mfumo huo, na mtengenezaji wa simu hakuulipia. Google inavuna kwingine: katika matangazo yanayoambatana na utafutaji, na katika sehemu ya kila malipo yanayofanyika ndani ya duka lake la programu.

Kiungo kinachoufunga mfumo wa bure na mapato hayo ni mkataba. Mtengenezaji wa simu anaweza kuichukua Android bila kumwomba mtu ruhusa, lakini duka la Play, ramani na YouTube si huria, na anayevitaka hutia saini masharti. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa sababu ya masharti hayo, yakiwemo ya kuwataka watengenezaji waweke kabla ya kuuza simu programu yake ya kutafutia na kivinjari chake, na ya kuwazuia wasiuze simu zenye matoleo ya Android ambayo Google haikuyaidhinisha. Septemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliipunguza faini hiyo kidogo, ikawa euro bilioni 4.125, na sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki palepale.

Anayetaka kuona mahali nguvu ilipo aitazame Huawei. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka kampuni hiyo ya China katika orodha ya kampuni ambazo Wamarekani hawaruhusiwi kuziuzia teknolojia bila kibali maalumu. Hakuna aliyeweza kuizuia kuitumia Android, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na Huawei iliendelea kuutumia. Ilichonyimwa ni huduma za Google kwenye simu zake mpya, na hilo peke yake lilitosha kuyashusha mauzo yake nje ya China, kwa sababu mnunuzi wa Nairobi au wa Madrid hakununua msimbo. Alitaka kufungua duka la programu na kukuta kila kitu alichozoea. Leseni iliheshimiwa kikamilifu, na biashara ikaporomoka.

Wapo wengine wa mtindo huohuo ambao sitakaa nao sana. Intel huwalipa wahandisi waiboreshe Linux kwa kuwa kila seva ya Linux inahitaji kichakataji, chipu ambayo Intel huiuza. IBM ilitangaza kutumia takriban dola bilioni 1 kwa Linux katika mwaka 2001, ikiuza mashine na ushauri juu yake. Microsoft, ambayo mkuu wake Steve Ballmer mwaka huohuo 2001 aliifananisha Linux na saratani, mwaka 2018 ilikubali kuinunua GitHub, mahali ambapo sehemu kubwa ya programu huria za dunia huandikiwa, kwa dola bilioni 7.5, na leo inakodisha seva za Linux kwa yeyote mwenye kadi ya benki.

Kukodisha huko ndiyo njia ya tatu, na hapa ndipo penye ugomvi wa kweli, kwa hiyo naomba uvumilivu wa msomaji. Amazon ilianza mwaka 2006 kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na uwezo wa kompyuta kupitia intaneti, huduma ambayo sasa tunaiita wingu. Mteja hahitaji kununua seva wala kumwajiri mtu wa kuitunza. Hubofya, akapata hifadhidata inayofanya kazi, akatozwa kwa saa. Hifadhidata hiyo mara nyingi ni programu huria iliyoandikwa na watu wengine. Sasa, wajibu wa kutoa msimbo chini ya GPL huanza pale unapompa mtu nakala ya programu, na mwenye wingu hampi mtu nakala yoyote. Anaiendesha kwenye mashine zake na kuuza matokeo. Leseni nyingine, kama ya Apache, hazidai msimbo urudishwe hata nakala inapotolewa. Kwa hiyo mwenye mashine nyingi anaweza kuichukua kazi ya kampuni ndogo, akaiuza kama huduma kwa bei ambayo kampuni ile haiwezi kushindana nayo, na asidaiwe chochote. Mwaka 2023 faida ya uendeshaji ya Amazon ilikuwa karibu dola bilioni 37, na zaidi ya bilioni 24 kati ya hizo zilitoka katika tawi hilo la wingu. Siyo kwamba zote ni za programu huria, la hasha. Ila ukiziondoa programu huria, wingu hilo linabaki na majengo, umeme na viyoyozi.

Waandishi wa programu walijibu kwa kubadili leseni. MongoDB, kampuni ya hifadhidata, ilianza Oktoba 2018, ikaandika leseni inayomtaka anayeiuza programu hiyo kama huduma atoe pia msimbo wa mfumo wote anaoutumia kuiendesha. Elastic, yenye programu ya kutafuta ndani ya data, ilifuata mwaka 2021, na Amazon ikajibu kwa kulichukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kulianzishia mradi mpya, OpenSearch. HashiCorp, yenye zana za kusimamia seva, ilifanya hivyo mwaka 2023, watumiaji wake wakajitenga na kuunda OpenTofu, na kampuni yenyewe ikaishia kununuliwa na IBM kwa dola bilioni 6.4. Redis, nayo ya hifadhidata, ilibadili Machi 2024, na ndani ya mwezi huohuo ukatangazwa mradi wa Valkey chini ya Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi huria, Amazon na Google zikiwa miongoni mwa waliouunga mkono. Elastic mwaka 2024 na Redis mwaka 2025 zote zimerudi kutoa programu zao chini ya leseni huria, safari hii AGPL, iliyoandikwa mwaka 2007 kwa ajili ya hali hiihii: inamtaka anayeibadilisha programu na kuitoa kama huduma mtandaoni awape watumiaji wake msimbo alioubadilisha. Mimi sioni mtakatifu katika ugomvi huu. Elastic na Redis, zilizolia kuonewa, zilikuwa zimechagua zenyewe leseni isiyodai msimbo urudishwe, kwa sababu ilizisaidia kuenea haraka, na wawekezaji wao walijua hivyo.

Njia nyingine ni ya leseni mbili, ambayo MySQL, kampuni ya hifadhidata ya Sweden, iliitumia: programu ileile ilitolewa bure chini ya GPL kwa anayekubali masharti yake, na ikauzwa chini ya leseni ya kawaida kwa kampuni iliyotaka kuifunga ndani ya bidhaa ya siri. Sun iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, kisha Oracle ikainunua Sun, na mwanzilishi mmoja akaondoka na msimbo kuanzisha MariaDB. Njia hii inahitaji kampuni imiliki hakimiliki yote, ndiyo maana si wengi wanaoiweza.

Msomaji anaweza kuuliza kama watu wanaojitolea hawaibiwi jasho lao katika haya yote. Kwa miradi mikubwa jibu ni hapana, kwa sababu sehemu kubwa ya msimbo unaoingia Linux siku hizi unaandikwa na watu walioajiriwa na kampuni hizihizi, nao wanapata mshahara mnono. Walioonewa wako pembeni, katika programu ndogo ambazo kila mtu anazitumia na hakuna anayezitazama. Mwaka 2014 ulipogunduliwa udhaifu uliopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya siri ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilibainika kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mabilioni ya dola yalikuwa yakipita juu ya kazi hiyo kila siku. Miaka 10 baadaye, Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aligundua kwamba mtu aliyejipenyeza taratibu katika usimamizi wa programu ndogo ya kubana mafaili, xz, ambayo mwanzilishi wake alikuwa akiitunza bila kulipwa, alikuwa ameingiza humo mlango wa siri wa kuingilia seva. Kilichomshtua Freund ni kuingia kwenye seva kuchukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Kampuni zinazochuma zilichangia baada ya moto wa kwanza, na bado hazichangii vya kutosha.

Turudi nyumbani. Tanzania haikuingia katika mambo haya jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizo kwa Kiswahili, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu leseni iliwaruhusu. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao hospitali na vituo vyetu vya afya hupeleka takwimu zao humo, chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na ni programu huria, na wataalamu wa chuo hichohicho cha Dar es Salaam wameshiriki kuusimika na kuuendeleza nchini. Kilichopatikana kwa wataalamu hao ni ujuzi unaobaki hapa, na ujuzi huo ndiyo bidhaa ambayo Red Hat huiuza. Hakuna sababu ya kiufundi inayoizuia kampuni ya vijana watano waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma kuiuza bidhaa hiyohiyo kwa hospitali ya wilaya ya Mpwapwa au kwa shule ya Manyoni.

Sababu iliyopo ni ya makaratasi. Hati za zabuni za mifumo ya TEHAMA ninazozisoma mara nyingi hubeba sharti lililoandikwa kwa ajili ya kununua magari na mashine, kwamba mzabuni alete barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji. Kwa mashine ya eksirei sharti hilo lina maana, kwa kuwa vipuri hutoka kwa mtengenezaji. Kwa programu iliyoandikwa na mamia ya watu katika nchi mbalimbali na kutolewa huria, mtengenezaji wa kuandika barua hayupo, na anayeweza kuleta barua ni wakala wa kampuni ya nje inayouza dhamana ya mwaka. Fundi wa Dodoma anayeijua programu hiyo hadi ndani, pengine ambaye marekebisho yake yamekwisha kupokelewa na mradi wenyewe, huondolewa katika hatua ya kwanza kwa kukosa karatasi. Fedha inakwenda nje, kwa dola, na tunakumbuka mwaka 2023 dola ilivyoadimika na ada za namna hiyo zilivyokuwa mzigo hata kwa aliyekuwa na shilingi mkononi.

Jambo la pili la makaratasi ni jedwali la bei. Mnunuzi huweka mstari mmoja ulioandikwa mfumo, na mzabuni huandika jumla. Humo ndani kunaweza kuwa na leseni ya bure iliyopangiwa bei, usimikaji wa siku mbili, mafunzo ambayo hayatafanyika, na kodi ya seva iliyoko nchi nyingine. Hakuna anayeweza kujua. Mimi huandika kila kitu kwenye mstari wake, na kwenye leseni naweka sifuri. Haieleweki siku zote. Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo aliwahi kuniomba niweke bei yoyote pale, kwa kuwa bodi yake haiamini kitu chenye sifuri, na nilipokataa alinitazama kama mtu anayeficha jambo.

Naziomba Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambazo zote ziko nasi hapa Dodoma, zitazame mambo hayo mawili kwa pamoja. Pale ambapo programu ni huria, barua ya mtengenezaji ibadilishwe kwa ushahidi wa uwezo: mifumo ambayo mzabuni ameisimika na inayofanya kazi leo, majina ya wataalamu wake, na muda anaojifunga kuitikia tatizo likitokea. Na jedwali la bei litenganishe leseni, usimikaji, uhamishaji wa data, mafunzo, seva na matengenezo ya kila mwaka. Wakala wa kampuni ya nje hataondolewa na utaratibu huu. Kama dhamana yake ina thamani, na mara nyingine inayo, ataiandika kwenye mstari wake na mnunuzi ataipima.

Nimalize na shule ya Singida. Barua ya msomaji mwenzangu haikutaja jina la mfumo wala la muuzaji, nami sitabahatisha, ila nitasema mifumo ya aina hiyo huuzwaje kwingine. Moodle, ambayo ni miongoni mwa iliyo maarufu zaidi katika uwanja huo, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Kampuni yake hutambua wabia katika nchi mbalimbali, nao huuza usimikaji, seva na mafunzo na kuirudishia kampuni sehemu ya mapato. Shule inayolipa kwa utaratibu huo haijaibiwa. Upo pia mchezo mwingine, ambao nimewahi kuitwa kuurekebisha: muuzaji huchukua programu huria, hufuta jina lake na kubandika nembo yake, humwambia mteja kwamba ni kazi ya mikono yake, kisha hukaa na nywila za seva, hivyo kwamba siku mteja anapotaka kuhama hana hata nakala ya data zake mwenyewe. Hapo bei ya mwanzo huwa ndogo. Fedha hutafutwa mwaka wa pili na wa tatu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda TAKUKURU namshauri aiombe bodi ya shule mkataba wenyewe, atazame kama jina la programu asilia na leseni yake yametajwa, kama malipo yametenganishwa, na kama shule inaweza kuchukua data zote za wanafunzi katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine bila kulipa upya. Na aulize nywila kuu ya seva iko mkononi mwa nani. Kama bodi haijui, swali hilo lipelekwe kwa muuzaji kwa maandishi kabla ya ankara ya mwaka wa pili kuwasili.

Mtoa huduma za TEHAMA,
Makole, Dodoma